Sindano Mbili

Mimi ni fundi wa nguo za kike, hapa Mabela,
baina ya dobi wa mazulia na muuza halua.
Miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuongeza.
Kila mshono niliuachia vidole viwili kwa ndani,
kitambaa kisichoonekana,
maana Ramadhani hupita, harusi hupita,
na mwili hurudi kwa fundi.

Siku hizi napunguza.
Tangu Mfungo Mosi, magauni kumi na nane.
Wanaingia wameyakamata kiunoni kwa ngumi
kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenziwe.
"Sindano, Bi Ghania," wananong'ona,
na mwanzo nilidhani wanaitaka yangu.

Shinuna yake ameiweka frijini, mlangoni, pembeni ya laban.
Kila Ijumaa, chini ya kitovu.
Anasema ile sauti imenyamaza.
Sauti gani?
"Ya chakula. Wewe huisikii?
Mimi tangu utotoni, kama redio ya jirani.
Sikuiwasha mimi, na kuizima siwezi."
Nilikuwa na pini sita mdomoni. Sikujibu.

Bibi yetu alisema: amenawiri.
Zama zake bi harusi alifungiwa ndani, akalishwa samli,
mfupa wa bega usionekane, watu wasiseme kwao kuna njaa.
Mama akasema: amenenepa.
Sisi tukasema bonge,
tukasema ana roho ya kula,
tukasema huku tunamsogezea sinia.
Ukikataa, umemvunjia heshima mwenye nyumba.
Ukimaliza, umejivunjia mwenyewe.
Hicho ndicho kichochoro tulichomwachia mtu apite,
naye mpana.

Sasa daktari kaleta neno: maradhi.
Neno limeenea upesi kuliko dawa,
kwani neno halilipiwi.
Wale wale waliochekea viganjani ukumbini
leo wanasema, masikini, ni homoni,
kwa sauti ile ile.
Na asiyedunga?
"Sasa huyu anangoja nini?"
Lawama haikufa. Imekuja kupunguzwa kiuno.

Nina daftari la vipimo.
Ukurasa wa Thuwaiba, dada yangu, tumbo moja:
kifua hamsini na mbili, kiuno hamsini,
nyonga sikuandika, nilichora mstari.
Nikimpima alikuwa akizuia pumzi,
na mimi nikizisoma namba kwa sauti, duka zima lisikie,
nikidhani aibu ni dawa.
Ndiyo dawa niliyokuwa nayo.
Nilimdunga kila Idi, miaka kumi na saba,
hakupungua hata inchi.

Hakuuliwa na unene. Gari, njia ya Barka, alfajiri.
Na bado matangani mtu aliuliza
kama wabebaji walitosha.
Mimi nilikuwepo. Nilikuwa namimina kahawa.
Nikaendelea kumimina.

Jana Shinuna kasimama mbele ya kioo,
kajigeuza ubavu, kajitazama
kama anayetafuta mtu stesheni.
"Kata yote, Bi Ghania. Huko sirudi."
Nikachukua mkasi.
Sikukata.
Nilikunja, vidole viwili kila upande,
nikapitisha mkono, mshono mlegevu,
uzi mmoja ukiuvuta unaachia wote.
Simwombei arudi.
Ila akirudi, asikute nguo imemfungia mlango.

Riali mbili, nikamwambia.
Nilikuwa nimemwekea tende mbili kwenye kisahani.
Moja aliila, polepole, kama anayeisoma.
Ya pili akaifunga kwenye tishu, akaitia mkobani,
nisije nikaiona imebaki.